Bembea Ubavuni mwa Pikapu

Siku ile mjinga alikuwa Kaza, na ukimuuliza mwenyewe hakuzungushi. Atakwambia, "Mjinga nilikuwa mimi, tena si mjinga wa kubahatisha," kisha atavuta kiti akusimulie, maana ni kisa anachokipenda kuliko vile vyote ambamo yeye hutoka mshindi. Utamwona anavyoharakisha sehemu yake ya aibu, akifika sehemu ya binti yake anapunguza mwendo kama lori linaloingia mjini.

Kaza ni dereva wa lori. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na wapakiaji. Mzigo ukishapangwa, turubai likishafunika, kamba zikishapitishwa, yeye huzunguka gari mikono nyuma kama mkaguzi wa gwaride, anagonga kila kamba kwa kidole, na kamba isipolia kama uzi wa gitaa anasema neno moja: "Kaza." Wakikaza anagonga tena. "Kaza." Wapo vijana waliotafuta kazi nyingine kwa sababu ya neno hilo. Lakini maisha yake yote ya barabarani hakuna gunia lililowahi kudondoka kutoka kwenye lori lake, na habari hiyo alitembea nayo mdomoni kama wenzake wanavyotembea na picha za wajukuu.

Uwanja wanamoishi waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake, bila kugawanywa. Upande mmoja nyumba ya familia. Upande wa pili vyumba viwili vya kazi vilivyoegemea ukuta wa jirani. Katikati ni udongo ulioshindiliwa na magurudumu mpaka umekuwa mgumu kama sakafu, umeinama kidogo tu kuelekea getini. Chumba cha kwanza ni cha mdogo mtu, ambaye mji mzima unamwita Matairi, kwa sababu ya kazi yake na, tusifichane, kwa sababu ya umbo lake pia. Chumba cha pili ni cha binti wa Kaza, fundi wa kushona maturubai na viti vya magari. Humo ndani kuna cherehani kubwa la chuma lililofungwa sakafuni kwa boliti, kwa sababu turubai zito ukilivuta juu ya cherehani la kawaida, cherehani lenyewe linakufuata mapajani.

Ugomvi ulikuwa juu ya chumba hicho. Matairi ya Matairi yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni, mengine yamepangwa nje, na kila jua lilipopanda mwenyewe aliyatazama kwa huruma.

"Yanaungua kama yatima," alilalamika. "Na chumba kizima kimekaliwa na cherehani moja! Kaka, mimi simchukii mtoto, lakini hiyo ni kazi ya kibarazani."

"Kibarazani cherehani hilo halikai," Kaza alijibu.

"Basi atafute dogo. Ashone sare za shule, kuna ubaya gani?"

Ubaya ulikuwepo, na binti aliujua kuliko wote. Alikuwa amekwisha kushona sare, akazishona mpaka akaota kola usingizini. Alichokuwa akikitaka sasa kilikuwa kingine. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kambi ya wageni huko nyikani, alipita siku moja kuzibiwa pancha, akaona viti alivyovishona, akauliza kama fundi huyo anaweza kutengeneza bembea za kulalia. Akaeleza shida yake: "Kwangu hakuna miti. Ni nyasi mpaka upeo wa macho. Wageni wanataka kulala wakining'inia, na mimi cha kuning'inizia sina, labda magari."

Binti akamjibu, "Basi tutaning'iniza kwenye magari," kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni, kumbe ndiyo kwanza wazo linaingia kichwani.

Ndugu wawili wakakubaliana mbele yake. Mama mwenye kambi atakuja kuiona bembea. Akiichukua, chumba ni cha fundi na maneno yaishe. Akiikataa, boliti zinafunguliwa na matairi yanaingia. Binti alisema "sawa" kwa sauti ya kawaida kabisa. Ni mama yake tu aliyegundua kuwa tangu siku hiyo sahani yake inarudi jikoni nusu.

Bembea aliishona kwa turubai jipya laini, na kamba za kufungia hakununua. Alizitafuta kwenye magari yaliyokufa, yale yanayozikwa na majani nyuma ya gereji, akakata mikanda ya viti, akaifua, akaikagua uzi kwa uzi, iliyochoka akaitupa. "Mkanda ulioumbwa kumzuia mtu gari linapogonga," alimwambia baba yake, "utashindwaje kumbeba akiwa amelala?" Tena ni mpana, hauchubui rangi ya gari. Kaza alilisikia neno hilo, akalibeba mpaka kituo cha malori, akalitangaza kama lake.

Ikafika siku ya mteja. Alitarajiwa jioni jioni, jua likipoa. Mchana binti akagundua pete mbili za chuma za kushikizia mikanda hazijamridhisha, akataka kukimbia kwa fundi wa kuchomelea akabadilishiwe. Alipofika getini alirudi nyuma.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Usiguse."

"Nisiguse nini?"

"Chochote."

"Mama, mimi nimefunga mizigo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuomba," binti akasema, akaondoka.

Sasa mwambie mwanamume wa aina hiyo asiguse. Lori lake lilikuwa halina mzigo, mikono yake haina kazi, na bembea iko pale juu ya meza imekunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Kaza akaizunguka. Akawaza, mteja atakuja akute kitu kimekunjwa? Kitu kilichokunjwa kinamwambia nini mtu? Amkute mzee mzima amejilaza juu yake, kofia usoni, mguu mmoja unaning'inia, aone raha kwa macho yake. Hapo hata maneno hayatahitajika. Nia yake ilikuwa safi kama maji. Na maji, kama tutakavyoona, hayakuwa mbali.

Lori lake lilikuwa limeegeshwa kuufuata ukuta. Mkabala nalo lilisimama pikapu la Matairi, lile la milango minne, mkia wake umelitazama lori ubavuni na pua yake imetazama getini. Katikati yao nafasi ilikuwa kama imepimwa. Kaza akachukua mkanda wa kwanza, akaufunga kwenye kulabu za kufungia mzigo ubavuni mwa lori. Mkanda wa pili akaupeleka kwenye fremu ya chuma nyuma ya bodi ya pikapu. Na kwa vile pete bora zilikuwa bado hazijafika, akafunga fundo lake mwenyewe, lile ambalo hakuna mpakiaji aliyewahi kulifungua bila kumwita.

Kisha akalikagua pikapu. Katika uwanja ule hakuna anayevuta breki ya mkono. Ni desturi ya hapo, wala hakuna anayekumbuka nani aliianzisha: breki ya mkono hunata, na gari linaloingia kwa Matairi linatakiwa lisukumike kwa bega, kwa hiyo kila gari huachwa gia huru na kutiwa jiwe mbele ya gurudumu, upande wa mteremko. Kaza akainama. Jiwe lipo. Akalipiga teke, halikusogea. Akaridhika. Haikumpitia akilini kwamba jiwe linazuia gari lisiende getini, na yeye alikuwa anajiandaa kulivuta liende upande wa pili.

Lililobaki lilikuwa kazi yake ya maisha. Akavuta. Bembea ikapanda. Akaigonga kwa kidole. Haikulia. Akavuta tena, akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa mgongo mzima, mishipa ya shingo ikasimama, mpaka bembea ikanyooka kama meza ya kupigia pasi. Akaigonga. Ikalia.

"Naam," akasema peke yake.

Chini yake kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji. Ndimo Matairi anamozamisha matairi kutafuta pancha, akitazama povu linapotokea. Kaza aliliona. Akaliacha hapo kwa makusudi, akiamini ubaridi wa maji utampulizia mgongo.

Akapanda kwa ngazi ya lori, akajilaza. Kusema kweli ilikuwa kama kulala juu ya ubao, na ukitikisika kidogo unataka kumwagika, lakini hilo hakulikiri hata moyoni. Akajifunika kofia. Mke wake alichungulia kutoka jikoni, akamwona mumewe amelala angani, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vyungu vyake. Miaka ya ndoa ilikuwa imemfundisha lipi la kuuliza na lipi la kusubiri.

Mama mwenye kambi alifika mapema. Alikuwa mwanamke mrefu wa buti za vumbi, anayetembea kama mwenye safari ndefu. Matairi alimpokea getini kwa heshima zote, akamwongoza ndani.

"Karibu, mama, karibu. Fundi katoka kidogo, lakini chombo chenyewe kile pale, na kaka yangu ndani yake."

Kaza akasikia. Akaivua kofia, akainua mkono juu kama kiongozi anayesalimia umati.

"Karibu sana, mama! Karibu uone raha ya..."

Raha ya nini, mpaka leo haijulikani. Gurudumu la nyuma la pikapu lilikuwa limekaa kwenye kishimo kidogo, na kule kuinua mkono ndiko kulikolitoa. Pikapu likaanza kumfuata. Halikukimbia, lilikuja taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeingia msibani kachelewa. Kaza akahisi mbingu inapanda. Akageuza shingo, akaona mkia wa pikapu unamkaribia, akataka kusema "kaza," neno pekee lililokuwa karibu na ulimi, na kabla hajalimaliza akaketi ndani ya pipa, maji yakaruka hadi kwenye buti za mteja. Pikapu likagusa tairi bovu lililokuwa limelala hapo, likasimama, kana kwamba limefika lilikotumwa.

Kisha Matairi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akauacha ukuta akashika magoti, akayaacha magoti akakaa chini kabisa.

"Unatafuta pancha, kaka?" akauliza alipopata pumzi. "Mbona sioni povu?"

Mama mwenye kambi hakucheka. Alikuwa anafuta buti. "Pole, mzee," akasema, na akaonekana anamaanisha. Kisha akamgeukia Matairi. "Mzee wenu akilowa, mnacheka yanaisha. Mgeni wangu akianguka hivi, mimi nafunga kambi."

"Ndiyo nilivyowaambia!" Matairi akasimama, kicheko kikafutika usoni kama kimepanguswa. "Haya mambo ya kuning'iniza watu si ya kuchezea. Ni mshono huo, mama. Mikanda ya mitumba, pengine uzi umeachia. Binti anajitahidi, simlaumu, lakini ni mtoto."

Mteja akatazama saa, akatazama gari lake nje ya geti.

Kaza alikuwa bado ndani ya pipa, maji yamefika kiunoni. Na alikiona kilicho mbele yake wazi kabisa. Akinyamaza tu, hata neno moja asiseme, lawama itamwangukia mshono. Yeye atabaki Kaza, ambaye fundo lake halijawahi kukosea. Mteja ataondoka, boliti zitafunguliwa, na kule kituo cha malori hakuna atakayejua. Au angeweza kumlaumu mdogo wake, kwamba pikapu lilikuwa gia huru, na hilo nalo lisingekuwa uongo. Njia zilikuwepo, tena nzuri. Akapiga moyo konde, akasimama, maji yakimchuruzika kutoka kila mfuko.

"Mama, tafadhali usiondoke," akasema. "Mshono hauna kosa. Binti yangu aliniambia nisiguse, nikagusa. Nimefunga vibaya. Mjinga hapa ni mimi."

Kutoka jikoni mke wake alitokea na mwiko mkononi.

"Hebu rudia, baba watoto. Kulikuwa na kelele za mafuta, sikusikia vizuri."

"Nimesema nimefunga vibaya."

"Kamba?"

"Kamba."

"Wewe?"

"Mimi, mke wangu! Unataka nilitangaze kwa kipaza sauti?"

"Hapana," mke akasema polepole. "Nataka tu nikae chini." Na akakaa kweli, kwenye ngazi ya mlango, mwiko mapajani.

Binti alikuwa ameingia getini katikati ya maneno hayo, pete mbili za chuma mkononi. Hakupiga kelele. Alimpa mteja mkono, akamsalimu, akaja moja kwa moja kwenye bembea iliyokuwa imelegea, imelowa maji. Akaishika, akapitisha vidole juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mkanda, kila kona, kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Ndipo akainua macho.

"Baba, umeumia?"

"Makalio tu."

"Hayo yatapona. Uzi hata mmoja haujaachia, mama, njoo ushike mwenyewe."

Mteja akasogea, akashika, akavuta kwa nguvu zake zote. Akanyanyua uso. "Basi kwa nini ameanguka?"

"Kwa sababu baba yangu ni bingwa wa kufunga mizigo," binti akasema, na Kaza akaona ameinua kidevu aliposema hivyo, kama anatetea kitu. "Gunia halitakiwi kusogea, kwa hiyo unalikaza. Mtu anayelala anatakiwa azame kidogo. Mkanda ukinyooka hivi, uzito wa mtu hauendi chini tu, unavuta magari yote mawili yaje katikati. Kadiri unavyokaza, ndivyo unavyoyavuta zaidi."

"Lakini lori halikusogea," Matairi akadakia. "Pikapu tu."

"Lori lilivutwa ubavuni, baba mdogo. Pikapu lilivutwa mkiani. Gurudumu linajua kwenda mbele na nyuma, kwenda kando halijui. Gari lifungie ubavuni, hata ukilivuta linakaa."

Kaza aligeuka akalitazama lori lake, kisha pikapu, kisha lori tena. Maisha yake yote juu ya magurudumu, na jambo hilo lilikuwa limemkalia pale pale, chini ya pua, likimsubiri binti yake azaliwe.

"Sasa nionyeshe," mteja akasema, akakunja mikono kifuani.

Binti akaanza kazi, na uwanja ukageuka wake. Alimwomba baba yake afungue fundo, maana kwa kweli hakuna mwingine angeliweza. Kaza akalifungua huku ameloa, akifurahi kwa namna ambayo hakuielewa. Akaambiwa asukume pikapu, akasukuma. Likageuzwa mpaka ubavu wake ukatazamana na ubavu wa lori. Binti akaingiza mkono, akatia gia, akavuta breki ya mkono, ambayo ililia kama mlango wa ghala kwa jinsi ilivyosahauliwa. Mawe akaweka pande zote mbili za gurudumu. Pipa la maji likasogezwa mbali. Akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, akauzungusha mkanda kwenye nguzo ya katikati ya milango, akaifunga milango, mkanda ukabaki umeikumbatia nguzo. Upande wa pili akautia kwenye kulabu za lori. Akaingiza pete zake mpya, akairekebisha bembea mpaka ikaning'inia katikati kama tabasamu, chini kiasi cha kiti cha kawaida.

Kaza akanyoosha kidole kuugonga mkanda. Binti akamtazama tu. Kidole kikarudi mfukoni.

"Nataka mtu mzito," mteja akasema. "Wageni wangu wengine wamejaliwa."

Macho yote yakaelekea upande mmoja, kama yamepangiwa.

"Mimi?" Matairi akarudi hatua nyuma. "Mimi nina kazi."

"Shemeji, kazi gani?" mke wa Kaza akauliza kutoka kwenye ngazi. "Ulikuwa umekaa chini unacheka sasa hivi."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika, chumba chako hicho," Kaza akasema. "Si ndicho unachokitaka? Panda."

Hapo hakuwa na pa kutokea. Matairi akaikalia bembea kwa nusu kalio, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mgeni mkubwa. Haikulalamika. Akaweka kalio zima. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, akijishikilia pembeni, midomo ikisema mambo yake. Bembea ikazama, ikampokea, ikajifunga pembeni mwake. Pikapu likasikika likitoa mlio mdogo wa springi, likatulia. Hakuna gurudumu lililosogea. Matairi akabaki ametoa macho, akisubiri ajali. Ajali haikuja. Polepole vidole vikaachia, mabega yakashuka, na tumbo likaonekana linapanda na kushuka kwa amani.

"Unajisikiaje?" mteja akauliza.

"Napima," Matairi akasema, macho ameyafumba. "Usinikatize."

Mteja akazunguka mara mbili. Akachungulia nguzo kama rangi imechubuka, haikuchubuka. Akainama kutazama mawe. Kisha akauliza swali ambalo Kaza alikuwa hajalifikiria hata kwa bahati mbaya.

"Kule kwangu magari hutembea mawili mawili, kwa hiyo pa kufungia papo. Lakini madereva wangu huamka mapema. Mmoja akisahau, akawasha gari, mgeni bado kalala?"

Matairi akafumbua jicho moja.

Binti akaenda kichwani mwa bembea, akaonyesha kimfuko kidogo kilichoshonwa kwa ndani, chenye kifuniko. Mtu asingekiona bila kuonyeshwa. "Funguo za magari yote mawili zinaingia humu kabla mtu hajapanda. Kila bembea ina kimfuko chake. Anayelala ndiye mwenye funguo. Dereva akizitaka, itabidi amwamshe."

Mama mwenye kambi alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Kwa mara ya kwanza tangu aingie uwanjani, akacheka.

"Hili ulilitoa wapi?"

"Nilikaa usiku nikawaza baba yangu kalala ndani yake," binti akasema, "na mtu akawasha gari."

Kaza aligeukia lori lake kwa ghafla, akajifanya anakagua kulabu. Kulabu hazikuwa na tatizo lolote. Alizikagua muda mrefu kidogo, akapangusa uso kwa kofia iliyoloa, ambayo haikusaidia kitu, akarudi akiwa amevimba kifua kama yeye ndiye aliyeshona. Alitaka kusema jambo kubwa, la kukumbukwa. Akatoka na hili: "Huyu ni wa kwangu, mama. Kama hujasikia vizuri nitarudia."

"Nimesikia, mzee. Umenimwagia na maji ili nisikie," mteja akajibu. Kisha akamgeukia binti, akampa mkono kwa mara ya pili, na safari hii aliushika kwa muda. "Fundi, nishonee za magari yangu yote. Na wenzangu wa kambi za jirani nitawaleta wenyewe, waje waone hapa hapa, kwenye chumba chako."

Alisema "chumba chako" bila kujua amesema nini. Mke wa Kaza aliinuka kutoka kwenye ngazi, akaingia jikoni haraka, na sauti yake ikasikika akiimba kitu kisicho na maneno. Binti alimsindikiza mteja mpaka kwenye gari, akatembea wima, na aliporudi peke yake ndipo akaegemea geti, akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

"Mama," Kaza akamwita.

"Abee."

"Nikienda kituoni, ile habari ya gurudumu kutojua kwenda kando, niseme ni yangu?"

"Sema ni ya familia, baba."

Hiyo ingetosha kuwa mwisho, lakini ukoo huo haumalizi jambo bila ubishi, na mbishi mwenyewe alikuwa bado ananing'inia. Matairi hakuwa ameshuka. Alikuwa amejikunja ubavu, mkono chini ya shavu, na kutoka humo ndani sauti yake ilianza kutoka nzito, ya mtu anayejiandaa kupokonywa.

"Sikatai, mteja kapatikana. Nampongeza mtoto. Lakini tuongee kama watu wazima. Mteja mmoja si biashara."

"Tulikubaliana," Kaza akasema.

"Tulikubaliana ndiyo, kaka, lakini kwa haraka. Kitu chenyewe ni turubai na mikanda! Mtu mwenye akili timamu atalala humu, aache kitanda chake?"

"Shemeji, shuka tuikunje," mke wa Kaza akasema kutoka dirishani. "Chakula kiko tayari."

"Nakuja. Ngoja nimalize hoja." Akajigeuza, bembea ikamgeuza pamoja naye, akaguna kwa utamu. "Ninachosema ni kwamba hii ni homa ya mara moja. Watu watajaribu, watachoka. Tairi ndilo linalodumu. Kile chumba kinataka kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho."

"Shuka basi tuzungumze mezani," Kaza akasema.

"Mezani kuna nini? Nasikika vizuri hapa. Nisukumeni kidogo tu, hivyo, upande huo. Kwa hiyo mimi kama mdogo wenu, na kama mwenye nusu ya uwanja huu, msimamo wangu ni ule ule: kitu hiki hakina faida kwa mtu yeyote, na chumba nakitaka."

Kaza akafungua mdomo kumpa vidonge vyake, lakini binti yake akamgusa mkono, akasogea mpaka kando ya bembea, akainama kwa heshima yote anayostahili baba mdogo, na akasema:

"Sawa, baba mdogo, nimekubali. Shuka sasa hivi, chumba ni chako."